Macho Mawili

Nimeuchora mchezo wangu nyuma ya mifuko ya saruji,
nikaibandika ukutani kwa gundi ya unga,
chumba kimoja, Nkuhungu.
Mishale mia tatu na kumi na moja.
Mwenye nyumba alipokuja kudai kodi
aliuliza kama hiyo ni ramani ya mabomba.
Nikasema ndiyo.
Si uongo sana: kitu kinaingia hapa, kinatokea kule,
na mahali fulani katikati panavuja.

Kuusimulia ni kufupi.
Mwaka wa njaa. Zizini kabaki ng'ombe mmoja, Madoa.
Wewe ni Nyemo, miaka kumi na minne.
Baba kaenda Kiteto kutafuta mahindi, hajarudi.
Asubuhi mnunuzi kasimama mlangoni na fimbo yake.
Uza. Usiuze.
Bonyeza.

Kosa langu la kwanza lilikuwa ukarimu.
Nilimpa mchezaji kila njia aliyoweza kuitamani:
adandie lori la Kibaigwa, aibe, aolewe,
amtukane mnunuzi kwa namna saba.
Njia zikazaa njia, wajukuu wakazaa,
nikawa naandika miisho ambayo hakuna atakayeifikia,
vyumba visivyo na mgeni, na taa nimewasha.

La pili, ujanja.
Nikazikunja njia zote zirudi kisima kimoja.
Uza, utafika kisimani. Usiuze, kisimani.
Binamu yangu Lechipya, anayechaji simu za watu sokoni Majengo,
alicheza mara mbili, akanirudishia simu bila kunitazama.
"Umeniuliza kwa adabu tu," akasema,
"kama mtu anayeuliza utakula nini
na jikoni kuna chungu kimoja."

Nililala na neno hilo wiki nzima.

Jumamosi nikaenda Hombolo, kumsaidia mjomba kupogoa mizabibu.
Nilidhani mkasi unakata kilichokufa.
Yeye alikata mabichi, marefu, yenye afya,
simu kaibana begani, anagombana na mtu juu ya bei ya kilo.
Hakunifundisha chochote.
Mkono wake tu ulikuwa unapita,
na kila tawi lilibaki fupi kama kidole,
na macho mawili.

Nikarudi, nikabandua.
Karatasi zikawasha jiko siku tisa.
Nikaziua namna sita za kumtukana mnunuzi,
nikaacha moja, ile ya kutomkaribisha kiti.
Mishale tisini na nane.

Na sasa mchezo unakumbuka.
Ukurasa wa tatu jirani anapita na ndoo kichwani:
*Mbukwenyi.*
Unaweza kuitika. Unaweza kuendelea na safari zako.
Hakuna kengele, hakuna alama inayopanda wala kushuka.
Ila ukurasa wa arobaini, usiku, umebisha hodi kuomba chumvi,
mlango utafunguka wote,
au utafunguka kiasi cha jicho.

Jana Lechipya alicheza tena, kakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa.
Upepo wa Julai ulikuwa unasukuma vumbi chini ya mlango.
Alipofika kwa mnunuzi, kidole gumba kikabaki hewani.
Umeme ukakatika; hakujua.
Uso wake tu ndio uliowaka mtaa mzima.
Halafu akauliza, taratibu, kama anayeogopa kumwamsha mtu:
"Hakuna pa kusubiri?"

Nikaitazama ile kazi yangu ya miezi kumi na mmoja.
Hapakuwapo.

Nikapapasa kalamu gizani.
Mshale wa tisini na tisa unatoka mlangoni
na kurudi palepale mlangoni.
Jua limesogea kidogo.
Mnunuzi kahamishia fimbo mkono wa pili.
Madoa anacheua.
Uza.
Usiuze.
Subiri tena.