Vidole vya Mize Shaame

Mimi ndiye niliyekaa nyuma ya mashine,
darasa la nne, skuli moja ya Micheweni,
dawati limekatika mguu, nimelitilia tofali.

Foleni ilianza tangu adhana ya alfajiri.
Zamu ya thalathini na saba akaingia Mize Shaame,
barua ya sheha ameikunja mara nne
hata muhuri umeanza kupauka.

"Weka gumba, mama." Akaweka.
Mashine ikawasha taa nyekundu.
"Futa, uweke tena." Akafuta kwa pindo la kanga.
Nyekundu.
Kidole cha shahada nacho hakikushuhudia kitu.

Nikamshika mkono nimwelekeze.
Kiganja kigumu kama gamba la kaa,
na ncha za vidole zimesuguka, zinateleza kama kigae.
Miaka ishirini na sita anaponda kokoto,
nyundo kulia, jiwe kushoto;
mistari aliyozaliwa nayo imekwenda na vumbi,
debe kwa debe.

Nikafungua kitabu cha maelekezo.
Nje watu wanaguna. Jua limeshafika dirishani.
Nikasema, na haya ninayo mpaka leo,
"Mama, hapa huonekani."

Hakupandisha sauti.
Akauangalia ukuta, pale plasta ilipobambuka
kokoto zikachungulia kama meno.
"Skuli hii walipoijenga, gari tatu zilitoka kwangu.
Hizo alama unazozitaka
zimo humo. Bomoa, uzichukue."

Kimya. Kisha akacheka mtu mmoja, kisha foleni nzima.
Mimi sikucheka. Katiba nilikuwa nimeikariri kwa mtihani:
kila Mzanzibari aliyetimiza miaka kumi na minane.
Haikusema, mwenye vidole vya karani.

Tukavijaribu vyote, kimoja kimoja,
kama warithi wanaojaribu funguo
kwenye kasha la marehemu.
Cha tisa kikakataa.
Cha kumi, kile kidogo cha kushoto,
ambacho siku zote hukiinua kisije kikapigwa na nyundo,
kama mtu anayekunywa chai ya ugenini,
kikawasha kijani.

Kadi akaitia kifuani. Jina langu hakuniuliza.
Mlangoni akageuka:
"Siku yenyewe, wino mtanitia kidole gani?"
Nikamwambia, chochote utakacho.
"Basi hiki hiki.
Hivi vyengine vina kazi kesho."