Bamba la Shaba

Barua ya Idara imefika asubuhi, mistari miwili:
Ghuba ya Lucretia ifutwe. Haipo.
Meli ya Waingereza imepita pale pale, matanga wazi,
ikakuta maji tu, na nyangumi.

Mimi ni mchonga ramani. Bahari siijui;
niujuao ni mto Potomac na matope yake.
Lakini Kapteni Elkanah Thorndike namjua:
miaka thelathini na mmoja nimemchonga kinyumenyume,
herufi kutoka kulia, ili karatasi imsome sawa.

Nimemchonga kijana, luteni wa mwisho orodhani,
akitia bildi vijito vya Florida, mbu wakimla:
pima tatu, pima mbili na nusu, mchanga, makombe.
Nimemchonga kwenye matumbawe ya Pasifiki,
alikopoteza mashua mbili na kujifunza kusema kidogo.
Halafu kusini, kusini kabisa,
wino ulikoganda, akaniletea pwani ya penseli:
vilele saba, rasi moja,
na ghuba yenye jina la mkewe.

Bunge likampigia makofi. Akavishwa saa ya dhahabu.
Kisha mabaharia wake wakamshtaki kwa mijeledi,
na maofisa wenzake, baada ya chakula kizuri cha mchana,
wakamwachia kwa karipio.
Mijeledi ilikuwa ya kweli. Nilizisoma hati.
Nikarudi mezani, nikachonga.

Kufuta shaba si kama kufuta wino.
Unaligeuza bamba, unaligonga mgongoni
kwa nyundo ndogo, taratibu, mpaka mfereji uinuke,
kisha unasugua hadi pang'ae kama hapakuwa na kitu.
Kilele cha kwanza kilikwenda kwa dakika kumi.

Alasiri akaja mwenyewe. Nani alimwambia, sijui.
Vidole vitatu vya kushoto havipo, barafu ilivichukua.
Akakalia kiti cha mwanagenzi, kofia magotini.
"Ukungu," akasema, "ukikaa siku tisa hujenga milima.
Niliiona, Bwana Stroud. Naapa niliiona."
Sikumjibu. Nyundo ilikuwa mkononi.
"Lucretia tulimzika Machi. Jiwe lake linaitaja ghuba."

Nilipoifikia L, ambayo kwenye bamba hukaa mwisho,
akanishika kiwiko.
Nilidhani ataliombea jina. Aliombea tarakimu:
pima mia mbili na kumi, matope ya kijivu.
"Hiyo si ukungu. Kamba ilifika chini.
Aliyeivuta ni kijana Philo Bagby wa Marblehead,
saa nne mfululizo, bila glavu,
kwa sababu mimi niliamuru."
Hakusema zaidi, na mimi sikuuliza
Bagby alirudi vipi, au kama alirudi.

Amri ilitaja ghuba. Haikutaja kina.
Nikasugua vilele, rasi, ufuko wote,
nikaizunguka ile namba kama mtu anayefagia
kandokando ya mtoto aliyelala sakafuni.
Alipoondoka alisahau kofia.

Ramani mpya imetoka. Weupe mtupu,
na katikati yake, bila pwani, bila jina, 210.
Manahodha huandika kuuliza kama ni kosa la chapa.
Nawajibu kwa mstari mmoja:
Si kosa. Tieni bildi.