Ngazi Haikupimwa

Oktoba ilipofunga mlango wake, Urho alifungua wake,
akashuka chumba cha chini ya nyumba na karatasi ya michoro
ndefu kuliko shuka la kitanda chetu.
Theluthi moja ya ndege halisi, akasema.
Nikamuuliza: theluthi ya mbele au ya nyuma?
Hakucheka. Alikuwa keshaanza kunoa kisu.

Tunakaa Lapua, ambako jua la Desemba
huchungulia kama mdai asiye na hakika ya nyumba,
likaondoka kabla hujalikaribisha kahawa.

Basi akajenga. Mbavu arobaini na mbili za bawa,
kila ubavu mbao ya balsa,
ukiushika unadhani umeshika mkate mkavu.
Usiku nilisikia msasa, shwa, shwa,
asubuhi vumbi lake nikalikuta kwenye siagi.

Vibanio vyangu vya nguo vikatoweka, kamba nzima.
Nilivikuta vimeng'ata ukingo wa bawa lenye gundi mbichi,
vimejipanga kama shomoro.
Nikaanika soksi kwenye migongo ya viti. Sikusema kitu.
Mtu aliyefanya kazi kiwanda cha milango miaka thelathini na moja
ana haki ya kutengeneza kitu kimoja kisichofunga.

Januari injini ikaja kwa posta:
sisi hamsini na tano, ya petroli, plagi moja.
Aliibeba kwa mikono miwili, namna alivyombeba Säde
siku tuliyotoka naye hospitali,
akaiweka mezani, katikati ya viazi.
"Sikiliza," akasema. Akaizungusha kwa kidole.
Ikakohoa hewa tupu.

Akapima skrubu kwa mizani yangu ya keki.
Akatafuta kitovu cha uzani, akasogeza betri nusu kidole mbele,
akairudisha robo.
Akaivisha ngozi nyekundu, akainyoosha kwa pasi,
pasi yangu, ambayo tangu hapo
huacha alama ya wekundu kwenye kola nyeupe.
Mungu shahidi, alipima kila kitu,
isipokuwa ngazi.

Machi mabawa yalipanda, moja baada ya jingine, kwa adabu.
Kiwiliwili kikafika kwenye kona ya ngazi
kikakataa.
Tukakiinamisha. Tukakilaza ubavu. Tukakisimamisha kwa mkia.
Urho akaketi kidato cha tatu, mikono magotini,
fundi wa milango, ameshindwa na mlango.

Mganga hajigangi, nikasema moyoni,
nikaenda kuchukua msumeno.

Nilianza na fremu ya dirisha la chini,
ile aliyoipachika mwenyewe mwaka aliozaliwa Säde.
Baridi ikaingia bila kuvua viatu.
Baadaye akaja, akashika ncha ya pili ya msumeno.
Ndege ikatoka, pua kwanza,
ikaikodolea theluji kama ndama.

Barafu ya ziwa ilikuwa bado na unene wa kubeba lori.
Nilipiga magoti, nikashika mkia.
Akazungusha propela mara nne; ya tano
nikaisikia kwenye meno yangu.
"Achia!"
Nikaachia.

Skii zake zikachora mistari miwili kwenye theluji,
kisha mistari ikaisha.

Dakika nane Urho alisimama na rimoti kifuani, kinywa wazi,
na ute wa pua ukimgandia kwenye masharubu.
Ya tisa, injini ikazima.
Sijawahi kusikia kimya cha namna ile,
kitu chekundu kikishuka bila sauti
na mume wangu akikisemesha kwa vidole gumba viwili.
Ikatua mbali, kwenye matete. Skii moja ikavunjika.

Tulikwenda kuichukua kwa miguu.
Njia nzima alizungumzia mchanganyiko wa mafuta na hewa.
Mimi nilikuwa nawaza dirisha,
nailoni tuliyoipigilia misumari,
inavyojaa usiku na kunywea, kama pafu.

Dirisha jipya ameahidi kabla majani hayajaota.
Kipimo nimemwandikia mwenyewe, kwa penseli, ukutani:
kipana kidogo kuliko anachohitaji sasa.