Kumsafirisha Watasema

Bwana mifugo kaandika tarehe ya chanjo,
kalamu ikasimama kwenye nafasi ya jina.
"Anaitwa nani?"
Watasema.
"Watasema nini?"
Nikamwambia, baba, wewe andika tu.

Jina alimpa Eliapenda, mwaka wa ugomvi wa maji machafu,
mfereji wa Bi Sikudhani ulipomwagikia kwetu
na barua tatu za mjumbe zisifue dafu.
Akaleta kijibwa ndani ya boksi la sabuni,
na kila magharibi akawa anasimama ukutani,
anaita kwa sauti ya mnada:
Watasema! Watasema, njoo ule!
Mbwa alishiba. Ujumbe ulifika.

Sasa mwenye kuita yuko Mamba, milimani Upare,
chini ya udongo mwekundu tangu Februari,
na mbwa bado, kila magharibi, anakwenda ukutani,
anakaa.

Mabasi yalikataa. Wakala mmoja alicheka
mpaka akakohoa: "Mama, siti yake iwe ya dirishani?"
Aliyekubali ni Kirumbe wa fuso,
hushusha tangawizi Ilala, hurudi kwetu na matenga matupu.
Masharti yake mawili: asibweke kwenye mizani,
asitapike kwenye turubai.

Basi wiki nzima nimekuwa mwalimu.
Jumatatu nilimpandisha bajaji ya kijana wa Mama Nakunda,
kutoka Kimanga hadi Segerea.
Alitapika Segerea.
Jumatano tulifika Segerea, tukarudi,
akatapika mlangoni kwetu,
nikayahesabu hayo maendeleo.

Fundi viatu aliutoboa mkanda wa Eliapenda matundu mapya manne.
Kiuno cha mume kimekuwa shingo ya mbwa.
Nililipa, nikageuka upesi
kama mtu aliyeacha chungu jikoni.

Nimekata dumu la mafuta, liwe bakuli la maji.
Kamba nimeweka, gunia nimeweka,
cheti kiko ndani ya mfuko wa nailoni, mara mbili,
na shati lake la kaki, ambalo sijalifua,
nililolificha chini ya mchele
wifi zangu walipokuja kugawa nguo.
Nilidhani nalitunza kwa ajili yangu.
Usiku wa kuamkia safari nikalitandika ndani ya tenga,
nikajilaza sakafuni kando yake,
tukanusa kwa zamu, mimi na mnyama.

Chakula asipewe, alisema bwana mifugo, saa sita kabla.
Kamweleze mwenyewe.

Saa kumi alfajiri fuso ikanguruma kwenye kona.
Watasema akajibandika chini kama lami.
Kirumbe alivuta, mimi nikasukuma,
utingo akatoa ushauri.
Ndipo mlango wa pili ulipofunguka.
Bi Sikudhani, maji ya udhu bado yanamdondoka viwikoni,
akasimama mbali,
kwa kipimo cha mtu asiyetaka kujiosha mara saba,
mkononi mfuko wa vichwa vya samaki.

Kumbe ndiye aliyekuwa akivirusha juu ya ukuta,
nami miezi yote hii nawasingizia paka.

Akarusha kimoja ndani ya tenga.
Akasafisha koo. Miaka tisa hajawahi kulitamka.
"Watasema," akaita, taratibu,
kama anayejaribu kiatu cha mtu.
"Watasema, haya, panda."

Mbwa akaruka.
Saa sita za bwana mifugo zikaishia hapo.
La turubai tutajua Chalinze.