Chumba Hakikai Juu ya Chumba

Ilpo amenitumia ramani yake ya kumi na tisa
saa nane usiku, bila salamu:
"Ijaribu. Usinihurumie."
Kouvola imelala chini ya theluji ya siku nne,
mabehewa ya magogo yanagongana stesheni,
na mimi, niliyetoka zamu na vidole vya barafu,
naishika tena bunduki ya ujana wetu,
ile ya mitutu miwili, inayonguruma kama mlango mbovu.

Mchezo umewazidi umri watoto wetu.
Walioutengeneza waliondoka zamani, wakaacha wazi
nasi tukabaki humo, wapangaji wasiofukuzwa,
tunajenga, tunabomoa, tunafuga mazimwi.

Kazi yangu ni kuonja.
Nabonyeza kila ukuta, maana ukuta wa Ilpo haukosi siri:
nyuma ya pipa la sumu, kisanduku cha dawa;
nyuma ya rafu, risasi kumi na moja
(si kumi na mbili. Ni bahili tangu shuleni).
Naandika kwenye daftari:
zimwi la ngazini limekwama kwenye nguzo.
Mlango wa buluu unafunguka kabla ya ufunguo.

Lakini ramani hii
naijua harufu yake, ingawa mchezo hauna pua.
Korido ya kijani. Kengele sita za milango.
Kona tulikoacha viatu vya kutelezea barafuni.
Ni jengo lao, nyuma ya kiwanda cha karatasi.
Mama yake, Raili, orofa ya pili.
Na Taisto, baba, siku alipohama baada ya talaka,
alihama vidato kumi na sita tu:
orofa ya tatu, juu kabisa ya jiko lile lile,
ili mtoto asihitaji koti kwenda kwa baba.
Miaka saba, mtu na mtalaka wake,
kati yao unene wa zege.
Hawakusemezana.
Taisto akidondosha kijiko,
Raili alitazama juu.

Sasa, mchezo huu ni wa kale, una ukaidi wake:
chumba hakikai juu ya chumba.
Hesabu zake zinajua sakafu moja, dari moja,
na juu ya dari, basi.
Ilpo kamteremsha baba yake.
Kayaweka majiko mawili ubavu kwa ubavu,
ukuta mmoja kati,
kikombe huku, kikombe kule.

Niliubonyeza ukuta ule mara arobaini.
Niliupiga roketi. Nilirudi na funguo zote tatu.
Nikamwandikia: "Kasoro. Ukuta wa jikoni haufunguki."
Akajibu: "Si kasoro."
Kisha, baada ya robo saa nzima:
"Piga risasi moja tu. Halafu usiguse kitu."

Nikasimama katika jiko la Raili.
Nikafyatua kuelekea dirishani.
Kuta za humu huzuia mwili; sauti ina njia zake,
na Ilpo alikuwa ameacha ufa mwembamba kuliko uzi.
Upande wa pili kitu kikaamka,
kikaguna,
kikaanza kutembea, kizito, kuja ukutani.
Kikafika. Kikasimama hapo hapo.

Nilizima taa, nikabaki kusikiliza.
Kwenye daftari, mstari wa mwisho:
risasi za jikoni zinatosha. Usiongeze.