Bofya Kwanza

Simu, saa mbili na robo asubuhi, Aprili, Plzeň.
Božena wa mapokezi, makumbusho ya vikaragosi:
"Bwana Hynek, Vavřinec hapigi ngoma."

Nikafungua ukurasa. Yupo, kasimama,
mkono juu, kijiti hewani,
kazungushiwa fremu ya kijivu kama tangazo la tanzia,
na ukimkaribia, maandishi yanachungulia: bofya kwanza.

Usiku kivinjari kilikuwa kimejirekebisha chenyewe.
Mbali huko mawakili wamebishana
ni nani mwenye wazo hili,
kwamba kitu kiweze kuishi ndani ya ukurasa,
na sisi huku tukatozwa hodi.

Hodi moja tu, mtasema. Kidole kimoja.
Lakini Vavřinec alichongwa na Otmar, marehemu mume wa Božena,
nami nilimpiga picha arobaini na mbili, mkono kwa mkono,
hadi akapiga ngoma bila kuombwa.
Na huko Ostrava, ghorofa ya tatu, nyumba ya wazee,
Drahomíra, dada yake Otmar, humtazama kila siku.
Muuguzi humfungulia ukurasa, huenda zake.
Vidole vya Drahomíra havishiki hata kijiko,
sembuse kipanya.

"Atadhani kaka yake amenuna," akasema Božena,
akakata simu.

Nikakaa na chai iliyopoa.
Sheria ni msumeno, ndiyo,
ila msumeno huu ulikuwa na meno upande mmoja:
ulikagua kilichoandikwa mwilini mwa ukurasa,
haukukagua kilichobebwa mgongoni.
Nikaukata mstari, nikaubandika
kwenye faili la pembeni, mistari tisa tu,
nikaliamuru: ukurasa ukifunguka, wewe ndiwe umwandike.
Herufi zilezile. Nukta zilezile.
Ni mkono tu uliobadilika.

Fremu ikatoweka. Kijiti kikashuka.
Du.

Sikushangilia. Niliona haya kidogo,
kama mtu aliyepita forodhani
na mzigo wake halali kichwani mwa mwingine.
Ila Otmar angecheka. Maisha yake yote
alisimama nyuma ya pazia, uzi mkononi,
na hakuna mtoto aliyewahi kuambiwa
aguse kwanza ndipo aone.

Juu ya mstari wa kwanza niliacha onyo:
usiuhamishe huu, tafadhali, kuna sababu.
Sababu sikuiandika. Nilidhani nitakumbuka daima,
na kweli nakumbuka,
ingawa Drahomíra hayupo tena,
na ile programu iliyomchezesha Vavřinec
ilifutwa kwenye kompyuta zote, bila kesi, bila fremu.

Faili bado lipo. Juzi nilichungulia.
Ukurasa unafunguka, linamwandika,
linamwandika tena,
mahali peupe, upana mia tatu, kimo mia nne.