Hodi ya Nne

Januari ile theluji ilifika madirishani,
na mimi, mpeleka barua wa upande huu wa ziwa Võrts,
ndiye niliyeona kwanza: magazeti matatu ya kina Saarmann
yamegandamana sandukuni.

Mlango haukufungwa. Mezani, unga uliokandwa
ulikuwa umeumuka, ukafurika bakuli, ukakauka.
Buti za theluji jozi nne, zimepangwa:
za Hillar, za Leelo, za Pirgit,
na vile vidogo vya Ott, soksi zikiwa bado ndani.
Nani huondoka peku Januari?

Polisi walikuja na misumeno wakakata barafu.
Wapiga mbizi wakazama, wakaibuka midomo ya buluu,
na tairi moja.
Mbwa wao alinusa mpaka kisimani, akaketi.
Wakakinyonya kisima siku mbili.
Tope. Tope tu.

Inspekta Kuusk aliniuliza mara tisa kama niliona gari.
Mara ya tisa nikaanza kuliona:
jeupe, hapana, la kijivu.
Akafuta. Akalifunga daftari taratibu
kama anayemfunika mtoto.

Kijiji kikasema madeni, kikasema Ufini, kikasema mume.
Lisemwalo lipo; kama halipo, laja.
Hawajaja.

Miaka kumi na moja. Kuusk amestaafu;
hunipigia simu kila theluji ya kwanza,
tukanyamaza pamoja.

Jana imefika barua ya maktaba, mashine haijui:
Pirgit Saarmann, rudisha kitabu.
Nimeitia sandukuni.
Nimebisha hodi tatu, kama desturi,
kisha ya nne.